Nzi Kwenye Kola ya Chef

Mpiga picha wa Butembo aliyekuambia, wakati ule wa vita, kwamba ana kamera moja, alikuwa anakudanganya. Sote tulikuwa na mbili. Moja ilikuwa na filamu, kwa ajili ya harusi, komunyo na matanga. Nyingine ilikuwa tupu, kwa ajili ya wanajeshi. Mwanajeshi akikuona na mfuko wa kamera begani anataka picha, hataki kulipa, wala hataki kusikia kwamba filamu inatoka Kampala. Basi unatoa ile tupu, unamwambia anyooshe shingo, flashi inawaka, naye anaondoka ameridhika. Akirudi kuulizia picha yake unamwambia filamu iliungua. Mara nyingi harudi, maana amepelekwa kwingine, au waasi wamegawanyika na sasa yuko upande wa pili.

Sioni haya kuyasema. Asiyependa na aninunulie yeye filamu.

Mimi ni Florentine, wa mtaa wa Vulamba, hapahapa Butembo. Kibao cha mlangoni kwangu kimeandikwa Studio Lusenge, jina la marehemu mume wangu, aliyenifundisha kazi halafu akafa akaniachia mashine ya kukuzia picha na mabeseni ya dawa. Miaka yote baada ya hapo picha zilikuwa zangu, lakini mteja akiingia bado aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, akauliza photographe yuko wapi. Nilikuwa najibu, "Unamuona." Wengine walicheka wakidhani natania, wakakaa kwenye benchi kumngoja.

Halafu ikatokea habari ya Ananie. Mwenzetu huyu alikwenda kupiga picha za ubatizo karibu na Mavivi, akainua kamera upande ule ambako ndege za wakubwa zilikuwa zinatua. Hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba hiyo ni kazi yake. Walimwita mpelelezi, wakamfungia ndani ya kontena la chuma, na alipotoka hakuweza tena kukunja vidole vya mkono wa kulia. Baada ya hapo ikatangazwa redioni kwamba kuanzia mwezi ujao kamera haitapita barabarani bila kadi ya mpiga picha, na kadi itatolewa Beni, kwa mtihani.

Wenzangu walinung'unika. Mimi, kusema kweli, nilifurahi. Niliogopa kontena kama mtu yeyote, na harusi zangu nyingi zilikuwa kwenye barabara hiyohiyo, Kalunguta, Maboya, mpaka Beni. Bila kadi ningekaa nyumbani kuwatazama kuku. Lakini zaidi ya woga, nilitaka kuona jina langu limeandikwa, na pembeni yake neno photographe, na muhuri juu. Niliitaka kadi ile mpaka usingizi ukanikimbia. Nilikuwa nageuka-geuka kitandani, nainuka, napangusa lenzi isiyokuwa na vumbi, narudi kulala, nainuka tena.

Tulikwenda Beni juu ya Fuso iliyopakia sabuni, wanaume sita na mimi. Zacharie, rais wa chama chetu, alikaa mbele kwa dereva na tai yake ya bluu ambayo hata vumbi la barabara lilikuwa linaiheshimu. Tulipofika, kabla ya kuingia ofisini, alitukusanya kando.

"Musikie," akasema. "Bale bakubwa hapana mutihani banatafuta. Banatafuta photo ya bure. Alors kila mutu atoe kamera ya baserikali, ile tupu, apige flash, basi. Film ni ya kuponyesha familia, hapana ya kuchezea."

"Na kama ni mutihani ya kweli?" nikauliza.

"Mama Florentine, we unapenda sana masomo."

Wote wakacheka, hata Josaphat, kijana mpole ambaye mkewe alikuwa amejifungua juma lile na ambaye kwa kawaida hucheka baada ya wengine kumaliza.

Ofisi ilikuwa nyumba ya matofali yenye bendera, paa limetobolewa na risasi upande mmoja. Mkuu wake, chef kama tunavyosema kwetu, aliitwa Laurent. Hakuwa mtu wa kwetu. Alitumwa kutoka Kasai kuja kufundisha, vita vikamkuta Beni, njia ya kurudi ikafungwa, na wakubwa wapya wakampa meza. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kali, na alikuwa na kovu dogo lililokata nyusi moja. Pembeni yake alikaa kamanda mmoja akichezea shada la funguo. Sikuhitaji kuambiwa ni funguo za wapi.

"Kila mutu atanipiga photo moja," Laurent akasema. "Moja tu. Miye nitaikala hapa, sitatingizika."

Sasa, kamera zetu zile za zamani zina kifundo kidogo juu, upande wa kushoto. Ukivuta filamu kwenda mbele, kifundo kinazunguka, kwa sababu filamu inakivuta kutoka ndani. Kamera ikiwa tupu, hakizunguki. Zacharie alikuwa wa kwanza. Alipiga goti moja, akafumba jicho, akamwomba chef ainue kidevu, flashi ikawaka, akavuta. Kifundo kimelala. Akaja Josaphat. Kimelala. Niliwaangalia wote sita mmoja mmoja, na hakuna kifundo kilichozunguka.

Zamu yangu ilipofika mkono wangu wenyewe uliingia kwenye mfuko ukashika ile tupu. Mbele ya meza ya mkubwa, mkono wa mpiga picha wa Butembo hausubiri kuamrishwa. Nikauona, nikaurudisha. Nilikuwa nimekuja kufanya mtihani. Nikatoa yenye filamu, nikapima mwanga wa dirisha, nikangoja mpaka yule bwana akasahau kidogo kwamba anapigwa picha, nikabonyeza. Nilipovuta, kifundo kikazunguka.

Laurent akasimama.

"Merci. Mercredi munaniletea maphoto." Akatuangalia kwa zamu. "Tangu niko hapa Beni nilipigwaka photo mara mingi. Nilitaka kutumia mama yangu kule Kananga, aone kama niko muzima. Hakuna hata moja ilitoka. Kila mara, film iliungua. Donc mercredi, mwenye hana photo, nitajua hakuwekaka film. Ule hapana photographe, ni mubongo, mudanganyifu mwenye kamera. Commandant atazungumuza naye."

Kamanda akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Njiani kurudi Zacharie alikaa nyuma pamoja nasi juu ya mizigo, na tai yake ilikuwa mfukoni.

Kesho yake asubuhi walinijia nyumbani, wote sita. Zacharie alivua kofia.

"Mama Florentine. Yako, iko na film?"

"Iko nayo."

Wakatazamana. "Basi useme iliungua," akasema. "Kama ya bote imeungua, tutasema ni film mubaya, tuliuziwaka na mutu moja. Mais kama yako inatoka, na ya shiye haiko, tunaingia mu container."

"Na kadi yangu?"

"Kadi itakuya siku ingine."

Hapo niliwaambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya Wakatoliki wenzangu. Niliwaambia mtihani waliufanya mchezo, na sasa wanataka niutupe wa kwangu ili nifanane nao. Niliwaambia mengine yanayohusu tai. Nilikuwa natembea humo ndani kutoka mlangoni mpaka dirishani, nahamisha vitu ambavyo havikuwa na kosa, kiti, beseni, kalenda ya parokia. Wao waliinamisha vichwa kama wanaonyeshewa mvua.

"Mama," Josaphat akasema nilipopumua. "Miye niko na woga."

Mtu mzima, baba wa mtoto, alisema hivyo mbele ya wanaume wenzake, na hakuna aliyemcheka. Nikakaa chini. Nikaviona akilini vidole vya Ananie.

"Kila mutu aende kuleta karatasi yake ya photo," nikasema. "Na muniache."

Chumba changu cha giza kinapata umeme kutoka kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Mchana anaposaga, mimi naziba dirisha kwa blanketi na kufanya kazi yangu. Taa yangu inategemea muhogo wake. Mashine ikimeza gunia, balbu inafifia, ikimaliza, inawaka tena, kwa hiyo nimezoea kuhesabu mwanga kwa masikio. Nilikuwa na negativu moja tu ya Laurent, na kutoka kwa hiyo nilitengeneza picha za wanaume sita. Mmoja nilimpa uso na mabega. Josaphat nilimpa meza nzima na pembe ya bendera. Mwingine nilimpa yenye giza kidogo, maana kazi zake zote zina giza. Zacharie siku ile alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, basi nikageuza negativu, kushoto ikawa kulia, nikakata picha chini ya kola, kichwa na kola tu vikabaki. Nilifanya hivyo kwa sababu ya kazi, na kwa hasira kidogo.

Picha ya kwanza ilipokuwa inajitokeza ndani ya dawa niliona doa jeusi kwenye kola nyeupe. Nikadhani ni vumbi. Nikapangusa negativu, nikarudia. Doa likarudi. Nikachukua kioo cha kukuzia, na kumbe ni nzi, na mabawa yake, na miguu yake, ametulia kwenye kola ya chef kama aliyealikwa.

Nzi mmoja, kola moja, wapiga picha saba. Hata mlevi wa kasiksi angeelewa. Nikangoja picha zikauke, nikachukua wembe, nikamkwangua nzi taratibu kwenye kila karatasi mpaka weupe wa chini ukatokea na kola ikawa safi. Mara sita nilimuua. Kwenye ya kwangu nilimwacha. Nilikuwa nimechoka kukwangua, na tena picha ile ilikuwa yangu. Nzi alikuwepo.

Jumatano Laurent alizipanga picha mezani, zote saba, akaziinamia. Kamanda naye akainama. Mwisho chef akainua ile ya Zacharie.

"Huyu," akasema kwa sauti ya chini, "njo miye. Angalia, commandant. Huyu mutu ninamuonaka kila asubui mu kioo."

Bila shaka alimuona kwenye kioo. Nilikuwa nimemgeuza mimi mwenyewe. Kovu la nyusi lilikuwa upande ule anaouona akinyoa ndevu, na yeye hakuwahi kujiona kwa namna nyingine. Sikujua nicheke au nilie. Katibu wake, Delphine, akaambiwa aandike kadi namba moja, Zacharie, photographe. Zacharie akapokea kwa mikono miwili. Wengine wakafuata, uso na mabega, meza na bendera, hata yule wa giza, wote wakapata.

Yangu ilikuwa ya mwisho.

"Na hii?" Laurent akaigeuza huku na huku. "Miye niko hivi? Uso imekwenda upande." Kisha akaisogeza karibu na macho, akagusa kola kwa ukucha. "Na hii ni nini?"

"Nzi, chef."

"Nzi."

"Alikukalia siku ile, chef."

"Benzako sita balinipiga siku moja ile, saa moja ile. Hakuna mutu aliniletea nzi. We peke yako unaniletea nzi."

Kamanda akacheka mpaka funguo zikalia. Laurent hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, na nilimuona anatafuta namna ya kunisaidia. "Mama, unayitahidi," akasema. "Nitakupatia ya aide-photographe." Delphine akanieleza bila kuinua macho kwamba aide, yaani msaidizi, anaruhusiwa kusafisha picha na kushika taa, lakini hawezi kupita na kamera barabarani bila kuwa pamoja na mwenye kadi.

Negativu ilikuwa kwenye fundo la kitenge changu, kiunoni. Ningelifungua fundo, ningeiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kila mtu angemuona nzi. Ningepata jina langu na muhuri. Na funguo zile zingefanya kazi yake. Niliwatazama wenzangu. Sikutaka waungame, si mjinga. Nilitaka mmoja wao aseme neno dogo tu lisilomfunga mtu, aseme, chef, mama huyu kazi anaijua. Wote sita walikuwa wanaisoma sakafu. Hilo liliniumiza kuliko nzi na kuliko aide. Nikachukua kikadi changu nikasema asante.

Tulipokuwa tunatoka, Laurent alikuwa anaitia picha ya Zacharie kwenye bahasha ya kumpelekea mama yake. Huko Kananga mama atashangaa kuona kovu la mwanawe limehama.

Mfuko wangu wa kamera ilibidi aubebe Zacharie, kwa sababu ya amri. Tulipanda gari la mbao, tukapita Maboya, na bado alikuwa hajanitazama. Mwisho akasogea karibu.

"Ile négatif," akanong'ona, "iko wapi?"

Tangu Beni kitu kile kilikuwa kinaniwasha kiunoni kama upupu. Nilijua nikilala nacho nyumbani, kila siku nitaamka nafikiria kurudi Beni, na siku moja nitarudi kweli, na itakuwa siku ambayo Josaphat ana mtoto mgonjwa. Sikutaka kuishi nimeshika funguo za watu, kama anavyozishika yule kamanda. Nikafungua fundo nikampa.

"Hii hapa," nikasema. "Sasa hauna kitu ya kuogopa kwangu."

Akaitia mfuko wa shati, nyuma ya kadi yake mpya, akageuka kutazama migomba.

Kalunguta kulikuwa na mti umelazwa barabarani. Mwanajeshi mmoja mrefu akagonga mbao za gari. "Bino nyonso, bokita." Tukashuka. Akaanza na Zacharie, maana ndiye aliyekuwa na mizigo mingi. Akafungua mifuko, akahesabu kamera kwa kidole.

"Ine. Zote ni ya nani?"

Kulikuwa na jibu jepesi, na nililijua kabla Zacharie hajafungua mdomo. Zote ni zangu, afande, na huyu ni aide wangu. Kikadi changu kilikuwa mkononi kuthibitisha. Hakuna ambaye angeuliza zaidi, na sikuwa tena na kitu cha kumtisha nacho. Niliangalia vidole vya miguu yangu, vimejaa vumbi jekundu, nikangoja aliseme.

"Mbili ni ya miye," Zacharie akasema. Akanionyesha kwa kidevu. "Ile mbili ingine ni ya huyu mama. Ye njo photographe. Miye ninamubebea tu."

Mwanajeshi akageuka kunitazama. "Na kadi yake?"

Zacharie akatoa kadi namba moja mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha yule mtu. "Njo hii," akasema. "Balikosea tu jina."

Josaphat akasogea akasimama kando yake. Halafu na wengine, polepole, kila mmoja ameshika kadi yake. Nilikaza meno nisilie mbele ya watu wa barabarani. Yule mwanajeshi aliangalia kwenye kadi picha ya Zacharie na tai, akaniangalia mimi na kitenge changu, akaangalia wanaume sita waliokuwa wanatoka jasho, akaanza kucheka. Akawaita wenzake wawili waliokuwa wanachoma ndizi za makemba kando ya mti.

"Muone. Kama ye njo photographe, basi atupige photo."

Wakajipanga, wakarekebisha bunduki, wakanyoosha shingo. Mmoja wao alifuta unga wa mkaa mdomoni. Zacharie akanifungulia mfuko, akaushika wazi mbele yangu kama anayemshikia padri kitabu, na ndani yake kamera zangu mbili zilikuwa zimelala ubavu kwa ubavu.

Nikachukua ile yenye filamu.